Walimu wa elimu jumuishi Moshi wakutane wapi: shuleni, kata, WhatsApp au chama?

Kila baada ya muda napokea swali lilelile kutoka kwa mwalimu wa hapa Moshi au wa Arusha: "Tuna watoto wenye ulemavu darasani, tumechoka kila mtu kupambana kivyake, tunataka kujikusanya. Tuanzishe nini?" Wanaouliza huwa wameshagawanyika. Mmoja anataka kundi la WhatsApp leo jioni. Mwingine ameshaandika rasimu ya katiba ya chama. Wa tatu anasema hizo zote ni kelele, tukae tu ofisini kwetu Ijumaa na chai. Nimewahi kuwakubalia wote watatu kwa siku tofauti, kutegemea shida waliyonitajia.

Sheria si tatizo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na baadaye ukaja Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Makaratasi yapo. Anayekosekana ni mtu wa kumuuliza saa nne asubuhi, mtoto amegoma kuingia darasani na wewe ulisomea Jiografia na Kiswahili. Walimu waliosomea elimu maalum, wengi wao wakiwa wamepitia Chuo cha Ualimu Patandi upande wa Meru, ni wachache, na kwa kawaida hupangwa kwenye shule zenye vitengo vya elimu maalum. Mtoto anayesoma shule ya kawaida ya mtaani kwake anabaki na mwalimu wa kawaida. Kwa hiyo kazi ya jumuiya ni kumfanya yule mmoja aliyesomea awafae kumi ambao hawakusomea.

Nimekaa kwenye aina zote nne ninazozilinganisha hapa, moja nikiwa katibu wake. Mnisamehe nikionekana kuwa na kinyongo mahali. Kipo, na nitakisema.

Vigezo, na mtoto wa kupimia

Ninapima kila njia kwa maswali matano. Nani yuko mezani: ni walimu peke yao, au na wazazi, watu wa afya na watu wenye ulemavu wenyewe? Nauli na muda: inamgharimu nini mwalimu anayefika? Jumatatu asubuhi: anaingia darasani na kitu kipya, au na picha za warsha tu? Siri ya mtoto: habari zake zinaishia wapi? La mwisho ni uhamisho: mwanzilishi akipata barua ya kwenda Simanjiro, kuna kitakachobaki?

Hilo la tano watu hulisahau, na ndilo lililoua jumuiya nyingi nilizoziona.

Ili tusiongee hewani, tumtunge mtoto mmoja. Ni mvulana wa darasa la tatu, anakaa nyuma. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki. Imla anapata mbili kwa kumi, lakini hesabu zilizoandikwa ubaoni anazipata. Sikio la kulia limekuwa likitoa usaha tangu akiwa mdogo. Mwalimu wa Kiswahili anamwita mkaidi, wa hisabati anamwita mpole, na bibi yake anayemlea anasema ametulia tu kama babu yake. Kila mmoja ameshika kipande chake. Tutampitisha kwenye njia zote nne.

1. Jumuiya ya kujifunza ndani ya shule

Hii ndiyo JzK, Jumuiya za Kujifunza, iliyoletwa na mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Walimu wa shule moja wanakutana, wanaleta changamoto ya ufundishaji, wanaijadili, wanajaribu suluhisho na kurudi kuelezana. Kwa maneno mengine huanzishi kitu kipya. Unaomba nafasi kwenye kitu ambacho shule inatakiwa kuwa nacho tayari.

*Nani yuko mezani.* Walimu wa shule hiyo, basi. Huo ndio ufinyu wake. Mzazi hayupo, mtu wa hospitali hayupo, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa mashine ya nukta nundu, maandishi ya wasioona.

*Nauli na muda.* Nauli hakuna. Muda ni saa moja baada ya vipindi, ilimradi saa hiyo isimezwe na kikao cha upimaji wa darasa la nne. Humezwa mara nyingi kuliko tunavyokiri.

*Jumatatu asubuhi.* Hapa JzK ina nguvu ambayo nyingine hazina, kwa sababu wote mezani wanamfundisha mtoto yuleyule. Chukua mvulana wetu. Mwalimu wa Kiswahili analeta daftari la imla, wa hisabati analeta lake, yanawekwa pembeni kwa pembeni. Kwenye imla "paka" imeandikwa "taka", "kisu" imeandikwa "kitu", na neno la mwisho la sentensi halipo kabisa. Kwenye daftari ambalo amenakili ubaoni hakuna kosa hata moja, mwandiko umenyooka. Mwalimu mmoja anauliza, "Kwani wewe ukiwa unasoma imla unatembea?" Mwenzake anajibu ndiyo, huwa natembea hadi dirishani. Kimya kinapita ofisini. Kwa dakika hizo kumi neno mkaidi limekufa. Wanakubaliana mtoto ahamie dawati la mbele upande wa kulia wa darasa, ili sikio zima la kushoto limwelekee mwalimu, na kwamba hakuna atakayeongea huku amegeukia ubao. Gharama yake ni kubadilisha dawati.

Walichoshindwa ni kujua sikio lina nini. Hakuna hapo mwenye kifaa wala ujuzi wa kupima.

*Siri ya mtoto.* Inabaki ofisini, ilimradi ofisi yenu si ile ambayo habari zake zinafika kwenye genge la nyanya kabla ya saa kumi. Mnazijua wenyewe.

*Uhamisho.* Kikao kinabaki kwa kuwa kipo kwenye utaratibu wa shule, ila ujuzi unaondoka na mtu. Dawa yake ni daftari moja la jumuiya: tarehe, changamoto, tulichojaribu, kilichotokea. Mwalimu mpya analisoma jioni moja na kujua watoto watano.

Inawafaa walimu ambao shida yao iko darasani hasa, na mwalimu mkuu wao anaheshimu ratiba. Ikiwa mwalimu mkuu anaona elimu jumuishi ni kazi ya "wale wa kitengo", JzK itakusumbua sana.

2. Klasta ya shule za kata, au kituo cha walimu

MEWAKA inatambua pia mikutano ya walimu wa shule jirani kwenye vituo vya walimu. Hii ni hatua ya pili kutoka shuleni: shule kadhaa, mada moja, siku moja.

*Nani yuko mezani.* Walimu wa shule mbalimbali, Afisa Elimu Kata, na mkiomba vizuri, Afisa Elimu Maalum wa halmashauri. Faida kubwa ni kumpata mwalimu wa kitengo. Ndani ya Manispaa ya Moshi, kwa mfano, Shule ya Msingi Mwereni imesomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona kwa miaka mingi. Mwalimu aliyekulia kwenye mazingira ya namna hiyo anakujibu kwa mazoea, hafungui kitabu. Wenzetu wa Arusha wana Patandi karibu, na ni jambo la barua moja kumwomba mkufunzi aje kuzungumza.

Kwa mvulana wetu, mwalimu wa kitengo atauliza maswali matatu ambayo JzK haikuyafikiria. Usaha unatoka mfululizo au kwa vipindi? Akiwa na mafua anazidi? Umeshasimama nyuma yake hatua chache, ukasema maneno kwa sauti ya chini na kumwambia arudie? Kisha atasema la muhimu kuliko yote: huyu si wa kukimbiziwa shule ya viziwi, anasikia kiasi, aende kliniki ya masikio kwanza.

*Nauli na muda.* Hapa tusidanganyane. Ndani ya manispaa, kutoka Pasua hadi Majengo, unatembea au unapanda bodaboda. Ukipanda mlimani hesabu inabadilika. Barabara zetu za mlimani zinapanda na kushuka na migongo ya mlima, hazikatizi makorongo. Mwalimu wa Kibosho anayetaka kufika Uru, ambako anapaona kwa macho ng'ambo ya korongo, mara nyingi analazimika kushuka mjini na kupanda tena upya. Masika ikiwa imekolea, bodaboda naye anakuangalia kwanza kabla ya kutaja bei. Klasta inayoitishwa kila mwezi kwa watu wa hivyo itakufa mwezi wa tatu. Kila muhula inatosha.

Halafu kuna posho. Ukiitisha kikao nje ya shule, swali la kwanza litakuwa hilo, na si uroho. Mwalimu ametoa nauli mfukoni. Klasta nilizoziona zikidumu ziliamua mapema: hakuna posho, ila shule mwenyeji inapika chai na inahakikisha kila mtu anaondoka na zana aliyoitengeneza hapo hapo. Zilizoanza na posho ya mfadhili zilifungwa siku mfadhili alipofunga begi.

*Jumatatu asubuhi.* Ni nzuri kama siku ilikuwa ya vitendo: kukuza maandishi kwa mtoto mwenye uoni hafifu, kutengeneza kadi za picha kwa mtoto mwenye usonji, kujifunza alama ishirini za lugha ya alama. Ni bure kabisa kama ilikuwa ya hotuba.

*Siri ya mtoto.* Mtoto anageuka "kesi" ya kujadiliwa na watu thelathini. Msitaje jina wala mtaa. Semeni "mvulana wa la tatu" na inatosha, kama nilivyofanya mimi hapa.

*Uhamisho.* Inategemea Afisa Elimu Kata. Akiwa na moyo, inakimbia. Akibadilishwa, mnaanza kumshawishi mwingine kutoka mwanzo.

Inawafaa walio kwenye shule ndogo zisizo na hata mwalimu mmoja wa elimu maalum, na walio karibu karibu. Wa milimani wapunguze idadi ya vikao kabla hawajapunguza idadi ya watu.

3. Kundi la WhatsApp la mji mzima

Njia hii inadharauliwa na wazee na kupendwa na vijana, na pande zote mbili zina sababu.

*Nani yuko mezani.* Yeyote mwenye simu janja. Kundi moja linabeba hadi watu 1,024, kwa hiyo mwalimu wa Same, mzazi wa Njoro, mfiziotherapia na mwanafunzi wa chuo wanakaa chumba kimoja. Kwa upana huo hakuna kinacholifikia.

Ila angalia nani anaachwa akiwa ndani. Mwalimu kiziwi akiletewa sauti ya dakika nne, ameachwa. Mwalimu asiyeona anayetumia programu ya kusomewa skrini akiletewa picha ya tangazo, anasikia tu neno "picha". Nimekaa kwenye kundi la elimu jumuishi ambalo kwa wiki nzima lilikuwa sauti na picha, sauti na picha, na walimu wawili wenye ulemavu waliokuwemo hawakuandika neno. Tulidhani wako kimya kwa hiari. Kanuni ni nyepesi: kila sauti ifuatwe na mstari mmoja wa maandishi, kila picha iwe na maelezo yake chini. Kundi lisiloweza hilo halijawa jumuishi bado.

*Nauli na muda.* Bando. Pia usingizi, maana kuna mtu hutuma "Asubuhi njema wapendwa" saa kumi na moja alfajiri na maua.

*Jumatatu asubuhi.* Kwa haraka ya jibu, hakuna mshindani. Uliza saa mbili usiku juu ya mvulana wetu na ndani ya dakika ishirini una majibu. Moja litasema kliniki ya masikio, pua na koo ya KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi. Moja litasema muweke mbele. Na moja, kwa uhakika uleule na hata maandishi makubwa zaidi, litasema mtieni mafuta ya moto sikioni. Mwalimu mgeni hana namna ya kujua lipi ni la nani. Ndiyo maana kundi linahitaji wasimamizi watatu, mmoja wao mtu wa afya, wenye mamlaka ya kuandika "hapana, hili msilifanye" bila kuogopa kumuudhi mkubwa.

*Siri ya mtoto.* Hapa ndipo nina kinyongo. Katika kundi moja nililomo, mwalimu alituma picha ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiwa amekaa sakafuni, jina la shule likisomeka kwenye sweta. Nia yake ilikuwa njema, alikuwa anauliza kiti mwendo cha namna gani kinafaa. Alipata majibu matatu mazuri sana. Siku ya nne picha ileile ikanifikia kutoka kwa shangazi yangu, ambaye hayumo kwenye kundi wala si mwalimu, sasa ikiwa na ombi la mchango na namba ya simu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Mama wa mtoto aliipata pia. Alikuja shuleni, hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, ningejua mnamtangaza, ningemfungia nyumbani." Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto na za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, lakini mama yule hakuhitaji sheria kujua kwamba amekosewa.

Piga picha ya kiti, piga picha ya daftari, piga picha ya mlango wa choo usiopitisha kiti mwendo. Mtoto muache.

*Uhamisho.* Njia pekee ambayo uhamisho hauigusi. Mwanzilishi akienda Simanjiro anaenda na kundi mfukoni. Inachokufa nacho ni uchovu: miezi sita ya mijadala, kisha mahubiri, kisha matangazo ya viwanja.

Inawafaa walimu waliotawanyika na wale wenye swali la haraka. Haimfai mtu anayetaka mtoto afuatiliwe mwezi hadi mwezi.

4. Chama kilichosajiliwa

Kilimanjaro si mahali pa kumfundisha mtu ushirika. Wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao mwaka 1925, muungano wao wa ushirika, KNCU, ukaja 1933, na Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapa hapa Moshi. Kwa hiyo wazo la "tusajili chama" linakuja haraka mno mdomoni kwetu, hata pale ambapo kikao cha chai kingetosha.

Milango ya usajili ni miwili mikuu. Sheria ya Vyama inahusu watu 10 au zaidi na iko chini ya Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 ina msajili wake, cheti chake kwa sasa ni cha miaka 10, na inakutaka utoe taarifa ya kazi na ya fedha kila mwaka. Afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri atakuelekeza mlango unaofanana na kazi yenu. Muoneni kabla hamjalipia mhuri.

*Nani yuko mezani.* Hii ndiyo sababu halisi ya kusajili. Chama kinaweza kuwaingiza kwa haki sawa mzazi, mtaalamu wa utengamao (anayemsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku), na watu wazima wenye ulemavu ambao walipita madarasa hayo hayo. Vyama vyao vipo, CHAVITA kwa viziwi, Chama cha Wasioona, Chama cha Watu Wenye Ualbino, na shirikisho lao SHIVYAWATA. Mwalimu ambaye hajawahi kukaa na kiziwi mtu mzima anamfundisha mtoto kiziwi kwa kukisia. Tena Moshi tuna KCMC, penye kliniki za watoto, mafunzo ya utengamao, na TATCOT inayofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Hata mafuta ya Kilisun, ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, yalianzia kutengenezwa pale. Nimekutana na walimu wa kilomita kumi kutoka pale wasiojua lolote kati ya hayo.

Mvulana wetu hapa anapata njia nzima. Mzazi mwenzake anayejua dirisha la kuanzia anampeleka bibi kliniki. Sikio linatibiwa. Kama usikivu umepungua kabisa na anahitaji shime sikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, kuna mtu wa kuuliza betri zinanunuliwa wapi na nani atafundisha mtoto kuivua kabla ya kuoga. Barua yenye muhuri ya kuomba madawati au mteremko wa kiti mwendo inasomwa halmashauri. Ujumbe wa WhatsApp hausomwi.

*Nauli na muda.* Ni njia ghali kuliko zote. Ada, akaunti ya benki, mkutano mkuu, mihtasari, taarifa. Kati ya saa kumi nilizotoa kama katibu, saa saba zilikuwa za makaratasi.

*Jumatatu asubuhi.* Dhaifu. Chama kinaongea na ofisi vizuri kuliko kinavyoongea na ubao.

*Siri ya mtoto.* Mnaweza kuiandika kwenye katiba, mkamwadhibu anayeivunja. Njia nyingine hazina meno hayo.

*Uhamisho.* Chama changu, nisichokitaja jina, kilikuwa na watia saini watatu benki, wote walimu. Ndani ya mwaka mmoja mmoja alihamishwa, wa pili akaenda masomoni, nikabaki mimi. Fedha zetu, ambazo hazikufika hata laki nne, zilikaa benki mwaka mzima zikitusubiri tupate muhtasari wenye akidi wa kubadilisha saini, na akidi haikupatikana kwa kuwa wajumbe nao walishahama. Kosa halikuwa la benki. Lilikuwa letu: tulikuwa na wazazi kumi na wanne kwenye daftari na hatukumpa hata mmoja kalamu. Mzazi hahamishwi na TAMISEMI. Fundi kiziwi mwenye banda lake la kushona Mbuyuni naye hahamishwi.

Inawafaa walio na shida inayovuka ukuta wa shule, yaani vifaa, matibabu, majengo, nauli za watoto, na wenye angalau watu watatu wanaopenda makaratasi. Wapo, ingawa ni wachache.

Kuzichanganya

Watu huniuliza kama haiwezekani kuwa na zote. Inawezekana, ila si kwa mkupuo. Kuanza na chama halafu kutafuta wanachama nimeona kukishindwa mara nyingi kuliko kuanza na watu sita wenye daftari, wakapata kundi la simu la kuitana, na wakasajili siku walipohitaji kuandika barua. Hata hivyo najua wazazi wa eneo moja walioanza na usajili moja kwa moja, kwa kuwa shida yao ilikuwa usafiri wa watoto na bila muhuri hakuna aliyewasikiliza. Kwao mpangilio wangu ungewapotezea miaka miwili.

Kwa hali yako

Kama uko shule moja, watoto watatu wanakusumbua na wenzako wanakubali kukaa: JzK, daftari moja, watoto wawili kwa muhula. Usialike mtu wa nje hadi mmejaribu jambo na kushindwa.

Kama una mtoto asiyeona au kiziwi na hakuna shuleni kwenu anayejua nukta nundu wala lugha ya alama, JzK haitawatosha hata mkikaa kila siku. Nenda kwa Afisa Elimu Kata, omba klasta, na utaje shule yenye kitengo unayotaka ije.

Kama uko Siha, Rombo ya mbali au Longido, na kikao ni safari ya siku nzima, anza na WhatsApp yenye kanuni za maandishi na marufuku ya picha za watoto, kisha mkutane ana kwa ana mara moja kwa muhula, siku ambayo mngekuja mjini kwa kazi nyingine.

Kama tatizo ni mlango wa choo, kiti mwendo au sikio linalotoa usaha, usilihangaikie kwenye vikao vya ufundishaji. Hiyo ni kazi ya wazazi na watu wa afya wakiwa pamoja na wewe, na ikijirudia kwa watoto wengi, sajilini. Kati ya watia saini watatu, wawili wasiwe watumishi wa kuhamishwa.

Kama umepewa fedha za mfadhili za mwaka mmoja, zitumie kwa zana, mafunzo ya lugha ya alama na kukarabati kituo cha walimu. Zisiguse chai wala nauli, kwa sababu hizo mtahitaji kuzimudu mwaka wa pili.

Na kama wewe si mwalimu bali ni mzazi, na umesoma hadi hapa, huhitaji kusubiri yeyote aanzishe chochote. Nenda shuleni kwa mtoto wako, muulize mwalimu mkuu JzK yao inakutana siku gani, na umuombe dakika kumi za mwanzo. Beba daftari la mtoto, na kadi ya kliniki kama ipo.